Mwaka wa Vinyota na Maji Matupu

Mwezi uliopita, kule Shari, mtaa wa hapa Bunia, niliona akwariamu ya samaki ya Mama Véro, tajiri wangu wa zamani, imejaa mandazi. Nilikuwa nimempeleka binti yangu Gracia kwa fundi wa cherehani kushonewa sketi ya shule, na tulipokuwa tunarudi tukapita mbele ya mama mmoja aliyeweka meza yake kando ya barabara. Juu ya meza, lile sanduku la vioo, limefunikwa kitambaa cheupe kuzuia nzi, mandazi yamepangwa ndani hadi pale pale ambapo zamani maji yalifika. Nililitambua kwa mkwaruzo wa pembe ya chini, upande wa kushoto, wenye umbo la namba saba. Ninaujua kwa sababu niliuweka mimi, kwa waya wa kusugulia sufuria, siku yangu ya kwanza ya kulisafisha, na nilitukanwa kwa ajili yake wiki nzima. Niliinama pale barabarani nikacheka mpaka yule mama akaniuliza mandazi yake yana kichekesho gani. Nikamwambia sicheki mandazi, nacheka kioo, na nikanunua manne ili tupatane.

Basi akafurahi, akaanza kunieleza historia ya kioo chake. Alikinunua mtaa wa Saio, katika nyumba ya marehemu Mama Véro, matanga yalipokwisha na watoto wake walipoanza kugawa vyombo. Pale aliambiwa kwamba marehemu alikuwa akifuga ndani yake wanyama wa bahari wenye mikono mitano, na kwamba aliwatunza mwenyewe, kwa mikono yake, hata wakamjua. "Ile mama alikuwa naingiza mukono mu maji, inakuja yenyewe," aliniambia. "Inamushika kama batoto." Nilikuwa na kipande cha andazi mdomoni. Kwa mikono yake. Mikono ile yenye pete tatu na kucha za rangi, ambayo kwa mwaka mzima sikuiona ikigusa hata sabuni ya vyombo. Hasira ilinipanda hivi kwamba Gracia akanivuta gauni akasema, "Mama, usianze." Ana miaka saba na tayari ananijua. Sikuanza. Nilimeza andazi, nikaenda nyumbani, na sasa ndipo naanza, kwenye karatasi, ambako hakuna mtu wa kunivuta gauni.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala ukoo wetu ulikuwa na ng'ombe wangapi. Tulitoka Fataki wakati wa vita, jinsi watu wengi walivyotoka Fataki, na anayeishi Bunia hahitaji nimwongezee neno. Baba wa Gracia alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu; habari yake inaishia hapa kama yeye mwenyewe alivyoishia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa Exetat, mtihani wa taifa. Préfet, mkuu wa shule yetu, alipoliona tumbo langu aliniita ofisini, hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Kupumzika. Nyumbani maana yake ilikuwa kwa tantine, shangazi yangu, hapo Shari, watu tisa katika vyumba viwili, na Gracia alipozaliwa tukawa kumi, naye analia kama watu watatu. Alipofika miezi mitatu, tantine akanipeleka Saio kwa Mama Véro, mwenzake wa kwaya, aliyekuwa anatafuta msichana wa kazi. Mama Véro alinitazama, akatazama mzigo mgongoni mwangu, akamwambia tantine mbele yangu: "Niliomba mumoja, weye umeniletea wawili." Tantine akajibu kwamba huyu mdogo hali kitu. Wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilikuwa nimekwisha kukiona chumba cha nyuma, chenye kitanda, dirisha na mlango unaofungwa, na kwa ajili ya mlango ule ningekubali kuhesabiwa hata watano.

Mama Véro alikuwa anafanya biashara ya vitenge na vyombo, anapanda Kampala, anafika hadi Mombasa, na huko, katika hoteli moja, aliona bahari ndani ya sanduku, na tangu siku hiyo hakutulia. Salon yake, yaani sebule, ilikuwa na viti vya manyoya rangi ya divai, vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu ambacho kitambaa kinaweza kulalia, na ukutani, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi, ile akwariamu, ndefu kama mikono yangu nikiinyosha yote miwili. Aliagiza chumvi ya bahari katika mifuko, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mawe ya baharini yaliyosafiri yamefungwa katika magazeti yaliyoloweshwa, Mombasa, Kampala, Mahagi, hadi Bunia, yakinuka njia nzima. Kipimo cha chumvi, kijidude cha kioo, kilifika kimevunjika vipande viwili. Paneli za jua zilikuwa juu ya bati na betri nyuma ya pazia, na jua likipungua, groupe, ile jenereta, inawashwa ili samaki wapumue, wakati sisi huko jikoni tunawasha mshumaa. Sisi maana yake mimi na Mama Alphonsine, mpishi, mwanamke wa Mahagi, mwenye rozari shingoni na ulimi ambao rozari haikuusaidia kitu. Siku ya kwanza alinionyesha samaki wale, akaniambia: "Hawa njo watoto wa nyumba. Siye tuko wageni."

Mwezi wa pili, alfajiri, nilikuwa napita salon na ndoo, Gracia mgongoni, nikaona uzi unatoka kwenye jiwe. Nikafikiri ni uchafu. Uzi ukapinda, ukagusa jiwe lingine, ukajivuta. Nikaweka ndoo chini. Nyuma ya uzi kulikuwa na nyuzi nyingine nne, na katikati kitu kidogo kama kifungo cha shati, rangi ya kahawa ya maziwa, na kitu kile kilikuwa kinatembea: mikono miwili mbele, miwili ubavuni, mmoja unafuata nyuma kama mkia, upesi, bila kichwa, bila macho, na bila kuonekana kupotea njia. Nilikaa sakafuni nikakitazama mpaka mchana ulipoingia nacho kikarudi kwenye tundu lake. Kesho yake nikaona vitatu. Sikumwambia mtu. Miaka yote niliyoishi katika vyumba vya watu wengi sijawahi kuwa na jambo ambalo ni mimi peke yangu ninayelijua, na nilitaka kukaa nalo kidogo.

Nilikaa nalo siku nne. Jumamosi wakaja akina mama wa maombi, na Mama Véro, kwa kutaka kuwaonyesha jinsi samaki wake wanavyokula, alinituma nitupe chakula majini mbele yao. Harufu ilipoenea, mikono ikatoka katika kila jiwe, kumi, kumi na tano, inapungia wageni kama watoto kwenye gari la harusi. Mmoja wa wale mama alimwaga chai. Mwingine alisema ni nyoka, wa tatu akasema nyoka angekuwa afadhali, afunge lile sanduku na aite mchungaji. Mama Véro alisimama katikati ya salon yake na aibu yake yote, akasema kitu ambacho sijakisahau: "Hii sikuilipia. Sikuiomba. Nani aliileta kwangu?" Nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Wimbo huo niliujua.

Aliniagiza nivitoe vyote kabla ya jioni. Nilichukua kibano chake cha kung'olea nyusi, nikaingiza mkono majini, nikaushika mkono wa kile kikubwa kuliko vyote. Ulikatika. Haukukatika kama kitu kinachovunjwa. Kilinipa tu, kikaniachia kipande na kukimbia, na kile kipande kikaendelea kujinyonga kiganjani mwangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilikiweka kibano mezani. Jioni Mama Véro aliponiuliza kama vimekwisha, nilimwambia vimekwisha. Nilidanganya bila hata kumeza mate. Nilijua mchana havitoki, na alfajiri yeye amelala. Nilijua pia kwamba macho yake yakienda kwenye akwariamu yanatafuta samaki na uso wake mwenyewe kwenye kioo, basi.

Kwa hasira zake alikuwa amemtumia Salim, muuzaji wa Mombasa aliyemuuzia samaki na mawe, ujumbe wa sauti, kumuuliza amemuuzia mashetani gani. Jibu lilikuja siku ya pili, na Mama Véro alituwekea jikoni ili tucheke Kiswahili chake, kile cha pwani, kinachotembea kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe kwenye matope. "Shikamoo mama'angu. Hao wala si mashetani. Ni jamaa wa nyota wa baharini, wamekuja wamejificha ndani ya mawe. Hawana madhara, wanafagia makombo tu. Ila hawapendi kushtuliwa. Jambo lolote ufanye polepole. Na ukiwaona hao wamelegea, basi ujue maji yako yana kasoro, tena usingoje samaki wakwambie." Mama Alphonsine alirudia "mama'angu" mara tano akiwa amejishika mbavu. Mama Véro akamjibu Salim kwamba aksanti, imeshakwisha, zimetoka zote. Mimi nilikuwa namenya muhogo. Sikuinua macho, kama préfet.

Ndipo ulipoanza mwaka wangu mzuri. Kila alfajiri nilivipelekea vinyota nyama ya kapitene, yule samaki wa Kasenyi, vipande kama punje ya mchele, ambavyo Mama Alphonsine alidhani vinaliwa na paka. Niliviweka mbele ya tundu kwa ncha ya mti wa meno, na mkono unatoka, unakizunguka kipande, unakivuta ndani kama mtu anayepokea bahasha chini ya meza. Nilihesabu saba. Kile kikubwa, nilichokikata mkono, nilikiita Préfet, kwa sababu hakitoki ofisini ila kwa chakula, na kwa sababu nilipenda kusema kila asubuhi, "Préfet, amka." Mahali palipokatika palianza kuota mkono mpya, mwembamba kama uzi wa kushonea, mweupe, na nilipouona nilimgeuza Gracia mgongoni na kumwonyesha, ingawa yeye wakati huo alipenda taa peke yake. Siku moja nilipokuwa nakamua sponji ya pampu kwenye karo, nikaona chembe zinatembea kwenye kidole changu. Nilizileta dirishani. Vilikuwa vinyota, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini, na mikono yote mitano ipo. Sponji ile niliikamua chini ya bomba kila wiki tangu mwezi wa kwanza. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kujitukana kwa lugha mbili, halafu kuanzia siku hiyo nikawa naikamua ndani ya bakuli la maji ya akwariamu na kuvirudisha vitoto nyumbani, kimoja kimoja, kwa unyoya wa kuku.

Mwezi wa tano Mama Véro aliondoka. Goti lake lilikuwa limekataa kazi na watu walimwelekeza kwa daktari wa Kampala. Upasuaji, kisha mazoezi, atarudi mwisho wa mwezi wa nane. Asubuhi ya safari aliniita salon, yeye mwenyewe amekaa katikati ya mabegi. Alisema ameongea na tantine, na ameongea na shule nyingine, ambayo haijali nani amezaa nani. Nikimtunzia akwariamu yake, mwezi wa tisa nitaingia mwaka wa sita, na Gracia atabaki mchana na Mama Alphonsine. Akikuta imekufa, nitarudi Shari kwenye vyumba viwili vya watu kumi. "Umenisikia, Noëla? Samaki yangu ikiwa hai, utasoma. Ikikufa, mufuko wako uko tayari." Nilimwambia nimesikia. Lilikuwa neno baya na pia lilikuwa neno zuri kuliko yote niliyoambiwa mwaka ule, na nilikaa siku nzima sijui kama nimkasirikie au nimwombee goti lake.

Nilifanya kazi kama mtu aliyepewa bahari kweli. Nilifuta vioo, nilipanda juu ya bati kusugua paneli, na groupe ikikataa nilikoroga maji kwa kikombe, nachota na kumwaga, nachota na kumwaga, saa nzima, Gracia akifikiri ni mchezo wake. Na maji yalikuwa yanapungua. Kila asubuhi yameshuka upana wa kidole, kwa sababu ya résistance, kile chuma cha umeme cha kuyapasha moto. Mimi nikawa nayaongeza. Nilipima chumvi ya mfuko, kopo moja kwa ndoo, kama Salim alivyoeleza siku ya kwanza, nakoroga, najaza hadi mstari. Maji ya bahari yana chumvi. Yaliyopungua ni maji ya bahari. Basi narudisha maji ya bahari. Nani angenipinga? Nilikuwa na asilimia sabini katika fizikia.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane nilipeleka chakula alfajiri na ni mikono mitatu tu iliyotoka. Siku iliyofuata, mmoja. Kisha nikamkuta Préfet nje ya ofisi, mchana kweupe, amelala juu ya mchanga, mikono imejikunja ncha, na pembeni yake vipande viwili vya mkono ambavyo hakuna aliyevikata. Samaki walikuwa wanazunguka kama kawaida, wanene, wanakula, wajinga. Mtu yeyote angetazama sanduku lile angesema lina afya. Lakini nilikumbuka sauti ya Salim, usingoje samaki wakwambie. Namba ya Salim ilikuwa katika simu ya Mama Véro, Kampala. Yeye alipiga kila Jumapili kwa simu ya Mama Alphonsine, na ningeweza kumwomba; lakini ningemwambia nini? Kwamba vile nilivyoviua mwezi wa pili sasa vinakufa? Jumapili aliponiuliza, nilisema kila kitu kiko sawa.

Siku ile ile Mama Alphonsine alinikabidhi maharagwe. Alikuwa anakwenda misa ya pili, sufuria iko kwenye makaa tangu asubuhi, akaniambia niangalie maji yasikauke. Mawazo yangu yalikuwa salon. Maji yalipopungua niliongeza maji, na kwa kuwa yalikuwa ni maharagwe yaliyotiwa chumvi, niliongeza na chumvi. Yakapungua tena, nikafanya hivyo tena. Mara nne. Aliporudi alichovya mwiko, akaonja, akatema nje ya mlango, na wanyama wote wa nyumba ile wakajua jina langu. Aliniuliza kama nataka kuwaua. Aliniuliza mama yangu alinifundisha kupika wapi, baharini? Nikajitetea kwamba maji yalikuwa yanaisha. Hapo akashusha mwiko, akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi aliyeingia kanisani, akasema polepole: "Maji njo inaenda na moshi. Chumvi inabakia mu sufuria. Unaongeza maji, mutoto. Maji matupu."

Nilimwacha na mwiko wake mkononi. Nilisimama mbele ya akwariamu nikajiona kwenye kioo, na nyuma ya uso wangu Préfet amelala chali. Miezi mitatu. Kopo kwa ndoo, kidole kwa kidole, nilikuwa nimewapikia supu.

Kinachonifurahisha hata leo, nikikumbuka, ni kwamba sikulia. Nilikasirika. Nilikasirikia kopo, nilikasirikia asilimia sabini zangu, na hasira hiyo ikanipeleka chumbani, nikavuta begi la shule chini ya kitanda, nikatoa daftari la fizikia. Msukumo wa Archimède, ukurasa mzima, na mchoro wa kipimo kinachoelea. Maji yakiwa mazito kwa chumvi, kinasimama juu. Yakiwa mepesi, kinazama. Nikachukua ganda la biki iliyokwisha wino, nikaziba chini kwa nta ya mshumaa pamoja na misumari midogo miwili, nikasawazisha mpaka likasimama wima majini. Katika stoo kulikuwa na bidoni ya maji aliyoyapima Salim mwenyewe, yaliyosafiri na samaki, bado imefungwa. Nikaiweka biki ndani yake na kuchora mstari mwekundu, kwa rangi ya kucha ya Mama Véro, pale maji yalipofika. Kisha nikaipeleka kwenye akwariamu. Ilipanda hadi mstari ukawa upana wa vidole viwili juu ya maji, imejinyosha kama bwana harusi. Mama Alphonsine, ambaye alikuwa amenifuata ili anitukane vizuri, alitazama biki, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini kama maji yanaumwa.

Sikuweza kubadilisha maji kwa siku moja. Polepole, alisema Salim, na nilikuwa nimekwisha kumshtua Préfet kwa kibano. Kila asubuhi nilitoa kikombe kimoja kimoja cha maji ya chumvi, na kurudisha maji ya mvua kutoka kwenye pipa, yanashuka tone kwa tone kwa mrija wenye fundo. Ilihitaji siku kumi na mbili. Siku ya sita Mama Véro alipiga, akasema daktari amemruhusu mapema. Jumamosi yuko nyumbani. Jumamosi ilikuwa siku ya kumi na moja. Nilipiga hesabu nikaona itatosha, karibu. Mama Alphonsine sasa alikuwa upande wangu, kwa sababu makosa yangu yalikuwa ya jikoni na ya jikoni ni yake. Alikuja kila asubuhi na kahawa yake kuangalia biki imeshuka kiasi gani, na akaanza kumkatia Préfet kapitene mwenyewe, akilalamika kwamba sikati sawa. Siku ya nane mkono mmoja ulitoka kwenye jiwe na kupokea chakula. Tulipeana mikono kama wabunge.

Mama Véro alirudi Alhamisi. Hakupiga honi, dereva alimshusha mlangoni, na nilisikia fimbo zake kwenye sementi nikiwa na mkono mzima ndani ya akwariamu, Gracia mgongoni, ndoo mbili miguuni, mrija unatiririka, na biki inaelea katikati ya bahari yake na mstari wa rangi ya kucha zake. Préfet alikuwa nje, juu ya mchanga, anajaribu kutembea kwa mikono mitatu.

"Noëla," alisema. "Hii ni nini?"

"Ni biki, mama."

"Sikuuliza biki. Ile iko na mikono."

Nilitoa mkono majini. Nilikuwa nimetunga uongo wa namna tatu kwa ajili ya Jumamosi, na hakuna hata mmoja uliokuwa tayari Alhamisi. Nikamwambia nilimdanganya tangu mwezi wa pili, sikuvitoa hata kimoja. Nikamwambia ni mimi niliyeharibu maji, kwa chumvi juu ya chumvi, na kwamba nayatengeneza, na bado siku tatu. Alisikiliza ameegemea fimbo, midomo imebanwa. Aliuliza kwa nini asinifukuze sasa hivi pamoja na wadudu wangu. Na hapo, mimi ambaye ningepaswa kupiga magoti, nilipandwa na hasira.

"Utufukuze, mama, tutaenda siye wote. Lakini hii tunyama njo ilinionyesha maji iko mubaya. Haukuilipia, haukuiomba, na njo iliokoa samaki yako. Ile samaki ya bei haikusema kitu. Ilikuwa nazunguka tu na kula."

Gracia aliamua ndio wakati wa kucheka. Kutoka jikoni Mama Alphonsine akasema, bila kuulizwa, kwamba chakula kiko tayari, na kwamba maharagwe ameyapika huyu mtoto, na leo chumvi iko sawa. Mama Véro aliketi kwenye kiti cha manyoya kwa uzito wake wote na wa safari. Alimtazama Préfet muda mrefu. Préfet alifika kwenye ukingo wa jiwe, akateleza, akaanza upya.

"Inakula nini?" aliuliza.

Nilimletea kapitene kwenye kisahani. Nilimpa mti wa meno, akausukuma pembeni. Alisogeza kiti, akakunja mkono wa blauzi yake ya Kampala, akashika punje ya nyama kati ya kucha zake mbili, na mkono wake wenye pete tatu ukaingia majini. Sasa lazima niseme ukweli, kwa kuwa nimeapa kuuandika: uliingia. Ulifika hadi chini. Préfet alinyosha mkono mmoja, akaigusa nyama, akaiacha, akajizungusha kwenye pete ya katikati, akashika.

"Noëla," alisema kwa sauti ambayo sikuwa naijua, ndogo. "Inanishika."

"Usiogope, mama. Haina meno."

"Sina woga," alisema, na hakuutoa mkono mpaka maji yalipovifanya vidole vyake vikunjamane. Alipoutoa, aliufuta kwa kitambaa cha kufuma, akasema maharagwe yaletwe, na kwamba Jumatatu twende wote shule kuandikisha jina langu, kwa sababu mtu anayepima bahari kwa biki asibaki kwake kukamua sponji. Akauliza kile kikubwa kina jina. Nilipomwambia, alicheka mpaka goti likamuuma.

Nilisoma. Niliamka alfajiri, navilisha vinyota, namnyonyesha Gracia, namwacha kwenye mkeka kati ya miguu ya Mama Alphonsine, na kila siku, nikiwa langoni na daftari chini ya kwapa, sauti ya Mama Véro ilinifuata kutoka salon: "Umeongeza maji?" Nimeongeza, mama. "Ya namna gani?" Matupu, mama. Hapo ndipo ninaruhusiwa kwenda. Mwaka uliofuata nilipata Exetat yangu, na Préfet alikuwa na mikono mitano. Wageni walipokuja, Mama Véro aliwaita kwenye kioo na kuwaeleza kwamba hawa wanamjua, wamemshika mkono wake huu, na alionyesha pete. Nilikuwa nasimama na sinia ya chai nyuma yake na kusaga meno. Niliondoka nyumba ile nilipopata kazi. Vinyota viliishi miaka miwili zaidi, hadi betri zilipokufa katika wiki moja ya mvua, na nasikia Mama Véro alikataa kula siku hiyo.

Jumamosi iliyopita nilirudi Shari kwa yule mama wa mandazi. Nilikuwa nimejiandaa kumsahihisha. Nilikuwa na maneno tangu nyumbani. Nilimkuta anapanga mandazi ya moto, kioo kimejaa mvuke, matone yanashuka ndani pembeni mwa namba saba yangu, na yanalowesha mandazi ya chini. Nilimwambia aweke vijiti chini ya kitambaa ili moshi utoke. Akajaribu, kioo kikaanza kuonekana, akanishukuru, akaniuliza kama nilimjua marehemu, na kama ni kweli wale wanyama walimshika mkono. Gracia alinitazama, mdomo umejaa, mkono tayari kwenye gauni langu.

"Ni kweli," nilimwambia. "Niliona. Miye njo nilikuwa naongeza maji."